Dawa za mgonjwa aliyeumia ubongo: namna ya kuzisimamia nyumbani, hatua kwa hatua

Swali huwa ni lile lile. Mgonjwa ameruhusiwa, nywele zimeanza kuota juu ya mshono, na mkewe au dada yake ananifuata hadi mlangoni: "Nesi, kati ya hizi, ya kurudisha akili ni ipi?" Ameshika bahasha sita za dawa na hajui hata moja ni ya nini. Siku ya tatu anapiga simu: mgonjwa amelala tangu asubuhi, amwamshe ampe ya mchana au amwache? Wiki ya pili: hajapata degedege tena, je, zile za kifafa ziachwe?

Nimeyajibu maswali haya wodini kwa miaka, kisha nikayajibu tena nyumbani kwetu, mdogo wangu alipoanguka na bodaboda akapasuka fuvu. Leo nayaandika yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wako wewe unayemuuguza mtu mzima nyumbani baada ya ajali, kuanguka au kipigo kilichojeruhi ubongo. Dozi za mtoto huhesabiwa kwa uzito wake, kwa hiyo za mtoto muulize daktari wake.

Kabla hatujaanza, lijue jambo moja, maana ndilo litakaloongoza kila utakachofanya: hakuna kidonge kinachounga ubongo uliojeruhiwa. Vimejaribiwa vingi. Steroidi zilitolewa miaka na miaka zikiaminika kupunguza uvimbe, hadi utafiti wa CRASH, uliochapishwa mwaka 2004 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 10,000, ulipoonyesha kwamba waliopewa walikufa wengi kuliko wasiopewa. Sitikolini, ambayo familia nyingi bado zinainunua kwa bei ya kuumiza kama "dawa ya ubongo", ilipimwa Marekani kwa wagonjwa 1,213. Majibu yalitoka mwaka 2012, na waliotumia hawakupona vizuri kuliko waliopewa dawa bandia isiyo na kitu ndani. Projesteroni, ile homoni, nayo ilijaribiwa ikashindwa mwaka 2014.

Ubongo unarudi kwa muda, usingizi, chakula na mazoezi. Dawa kazi yake ni kumwondolea mgonjwa vinavyomzuia kupona: degedege, maumivu, kukesha, huzuni, hasira. Na wakati mwingine kinachomzuia ni dawa yenyewe. Hilo nitalirudia hatua ya 6, maana ndipo tulipokosea sisi.

Dalili za kumrudisha hospitali kwanza

Ukiona lolote kati ya haya, funga ukurasa huu mpeleke sasa hivi: kichwa kinachouma zaidi kila saa, kutapika tena na tena, usingizi mzito ambao haamki ukimwita, mboni ya jicho moja kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kulegea, maji au damu kutoka puani au sikioni, degedege ya mara ya kwanza. Kwa mzee, angalia hata baada ya wiki tatu au nne, kwa sababu damu inaweza kujikusanya taratibu chini ya fuvu wakati nyie mnasema "anazeeka tu".

Na kwa wanaoniuliza kuhusu "sindano ya kukausha damu ya kichwani": ipo, inaitwa asidi ya traneksamiki. Utafiti wa CRASH-3 wa mwaka 2019 uliwapa majeruhi ndani ya saa tatu tangu kuumia, na faida ilionekana kwa wale ambao majeraha yao hayakuwa makali mno. Ni kazi ya chumba cha dharura. Mgonjwa aliyekwisha rudi nyumbani haimhusu.

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari la kaunta na kalamu. Simu pekee haitoshi, kwa sababu siku ukisafiri nayo, atakayebaki na mgonjwa hataona kitu.
- Karatasi ya kuruhusiwa na ripoti ya siti skani. Toa nakala mbili.
- Dawa zake ZOTE, zikiwa kwenye pakiti au bahasha zake: za hospitali, za presha, za kisukari, ARV, vidonge vya uzazi wa mpango, za mafua zilizobaki kabatini, na mitishamba.
- Vikombe vinne vidogo vyenye vifuniko, vyenye maandishi: asubuhi, mchana, jioni, usiku.
- Namba ya simu ya kliniki au ya mfamasia anayekubali kuulizwa.
- Mtu mmoja msimamizi. Wengine wote wasaidie, lakini anayetoa dawa awe mmoja kwa zamu, na anayempokea asaini daftarini. Nimeona mgonjwa akipewa dozi mbili za asubuhi, moja na mama yake na nyingine na mkewe, kila mmoja kwa upendo.

Hatua ya 1: Usitoke hospitali bila majibu manne

Kwa kila dawa, muulize daktari au mfamasia: Hii ni ya nini? Inaisha lini? Tukisahau dozi tufanyeje? Nikiona nini niirudishe haraka? Andika majibu hapo hapo, mbele yake. Usione haya. Foleni nyuma yako ni ndefu, ndiyo, ila dakika tano hizo zinaokoa miezi.

Swali la "inaisha lini" ndilo linalosahaulika zaidi. Dawa nyingi zinazoanzishwa mgonjwa akiwa mahututi zilikusudiwa siku chache tu, kisha zinaendelea kwa sababu hakuna aliyeandika tarehe ya mwisho.

Hatua ya 2: Tandika mkeka, zimwage zote

Ukifika nyumbani, weka dawa zote juu ya mkeka. Chora daftarini safu tano: jina la dawa, nguvu yake (miligramu ngapi), kazi yake, saa zake, tarehe ya kuanza na ya kuacha. Jina linakili herufi kwa herufi kutoka kwenye pakiti, hata kama huwezi kulitamka. Usiandike "kidonge cheupe". Vyeupe viko vingi.

Utakapomaliza, tafuta vitu viwili. Kwanza, dawa mbili zenye jina moja chini ya nembo tofauti: kiwanda hiki kinaiita hivi, kile kinaiita vile, ndani ni dawa ile ile, na mgonjwa anameza maradufu. Pili, dawa ambayo safu ya "kazi yake" imebaki tupu. Iwekee alama nyekundu. Usiitupe wala usiiache kwa uamuzi wako, ila swali lako la kwanza kliniki liwe hilo.

Hatua ya 3: Geuza maandishi ya bahasha kuwa saa

Bahasha inasema "1 x 3". Maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, kila baada ya saa nane. Wengi hutoa saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, kisha mwili unakaa saa kumi na nne bila dawa. Kwa dawa ya maumivu utasamehewa. Kwa dawa ya kifafa, pengo hilo la usiku ndipo degedege inapopita.

Panga hivi: "1 x 2" iwe saa moja asubuhi na saa moja usiku. "1 x 3" iwe saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Tega kengele ya simu. Kila asubuhi jaza vikombe vinne vya siku hiyo tu, kisha vifungie juu ambako watoto hawafiki. Mgonjwa mwenyewe naye usimwachie: anayesahau kama amekula atasahau pia kama amemeza, na atameza tena.

Weka dawa mbali na jua na moshi wa jikoni. Juu ya friji pana joto kuliko unavyodhani.

Hatua ya 4: Kumpa

Mkalishe wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo. Mpe kwanza kijiko kimoja cha maji, usikilize. Akikohoa, akipaliwa, au sauti ikitoka kama ina maji kooni, simama: usimpe kidonge mdomoni mpaka apimwe namna anavyomeza. Dawa ikiingia mapafuni inaleta nimonia, na nimonia inaua watu ambao ubongo wao ulishaanza kupona. Akimeza salama, abaki amekaa nusu saa.

Kama bado ana mrija wa puani, mambo mawili yasikupite:

a) Si kila kidonge kinasagwa. Vile vilivyotengenezwa kuachia dawa taratibu, na vyenye ganda maalumu, ukivisaga dozi nzima inaingia kwa mpigo au inaharibika. Muulize mfamasia kidonge kwa kidonge, uandike "isisagwe" pembeni ya jina.

b) Fenitoini haipatani na uji. Uji ukiwa tumboni, dawa hainyonywi vizuri. Kwa kawaida chakula cha mrija husimamishwa saa moja hadi mbili kabla na baada yake. Ratiba yenu ipangwe na kliniki, mrija ukisafishwa kwa maji kabla na baada.

Hatua ya 5: Kichwa kinapouma

Kitauma. Kwa wengi kinauma wiki nyingi. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia: kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida, vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, visizidi vinane ndani ya saa 24. Kama amekonda sana, ana ini bovu au alikuwa mnywaji, dozi iwe ndogo na daktari ndiye aiseme. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, kwa hiyo ihesabu nayo.

Makosa matatu ninayoyaona kila mwezi:

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Zinapunguza uwezo wa damu kuganda. Kwa ubongo uliovuja damu juzi, usiziguse mpaka daktari aliyeona picha ya kichwa aseme sawa. Zimo pia ndani ya dawa mchanganyiko za maumivu za madukani, kwa hiyo geuza pakiti usome.

Tramadoli. Inaleta usingizi, na inaurahisishia ubongo kupata degedege. Mtu aliyeumia ubongo asiipate dukani kabisa.

Dawa ya kila siku isiyoisha. Akimeza parasetamoli siku kumi na tano au zaidi kila mwezi, mwezi baada ya mwezi, dawa yenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Weka alama daftarini kila siku aliyomeza. Ukizihesabu zikafika kumi na tano, zungumza na daktari.

Hatua ya 6: Dawa za degedege, na dawa zinazomlaza

Hapa nitakaa kidogo.

Baada ya jeraha kali, hospitali mara nyingi humpa mgonjwa fenitoini au levetirasetamu hata kama hajawahi kutikisika. Ni kinga ya siku za mwanzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba fenitoini inapunguza sana degedege katika wiki ya kwanza, lakini baada ya hapo haizuii kifafa kuja. Ndiyo maana kwa mgonjwa ambaye hajapata degedege kinga hiyo kwa kawaida ni ya siku 7. Kama mgonjwa wako yuko mwezi wa nne na hajawahi kutikisika hata mara moja, uliza kliniki kwa adabu na kwa uwazi: "Daktari, hii bado inahitajika?" Aliyewahi kutikisika baada ya wiki ile ya kwanza hesabu yake ni nyingine, ataitumia muda mrefu.

Kwa vyovyote vile, usiikatishe ghafla mwenyewe. Dawa hizi hushushwa kidogo kidogo kwa mpango wa daktari. Ukizikata leo, kesho kutwa unaweza kumwona amekakamaa sakafuni.

Kila moja ina tabia zake. Fenitoini ikizidi mwilini mgonjwa anayumba kama mlevi na macho yanachezacheza. Ikitumika muda mrefu fizi huvimba, kwa hiyo mswaki usikose. Fenobabitoni ni ya bei nafuu na inapatikana hata zahanati, ila inalaza na kupunguza kasi ya kufikiri. Levetirasetamu inaweza kuleta hasira: familia husema "ajali imembadilisha," kumbe ni dawa, na kliniki inaweza kuibadilisha. Valproeti isitumiwe na mwanamke anayeweza kushika mimba bila mazungumzo ya kina na daktari, kwa sababu inaharibu mtoto tumboni.

Tena zinagombana na dawa nyingine. Fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge kimoja cha ARV ambacho wengi wanatumia sasa. Kama mgonjwa wako ana kadi ya CTC (kliniki ya ARV), waambie CTC siku hiyo hiyo dawa ya kifafa inapoanza, na daktari wa kichwa naye aambiwe. Wasipojuana, mgonjwa ndiye anayeumia. Zinapunguza pia nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Dawa za kifua kikuu nazo huzipandisha au kuzishusha hizi za kifafa mwilini. Najua wengine mnaona aibu kutaja ARV mbele ya shemeji. Andika kwenye kikaratasi, umpe daktari mkononi.

Sasa zile zinazomlaza. Mdogo wangu alirudi nyumbani akiwa hafungui macho zaidi ya saa mbili kwa siku. Fundi wa mazoezi alikuwa akija saa nne asubuhi, anamkuta amelegea kama nguo mbichi, anamsogeza viungo, anaondoka. Tulijiambia ubongo ndio umefika hapo. Mama alikwisha anza kusema "tumshukuru Mungu kwa uhai." Mimi ni muuguzi, na bado nilikubali.

Wiki ya saba tulimpeleka kliniki na daftari. Daktari hakumgusa mgonjwa kwanza. Alipitisha kidole kwenye safu ya saa, akasimama kwenye mstari wa saa tatu usiku. "Diazepamu hii ya nini?" Hakuna aliyejua. Alipewa wodini usiku mmoja alipokuwa akivuta mrija, ikaandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa, na sisi tukaendelea kuinunua kila ilipoisha. Chini yake kulikuwa na fenobabitoni, na juu yake klorofeniramini niliyoiongeza mimi mwenyewe kwa ajili ya muwasho wa mshono. Dawa tatu za kulaza, kwa mtu tuliyekuwa tunamlilia aamke.

Zilishushwa moja baada ya nyingine, diazepamu kwa wiki kadhaa kwa sababu nayo haikatwi ghafla. Wiki ya tatu ya kushusha, jirani alikuwa akimsimulia mama mechi ya Simba, akataja mfungaji siye. Sauti ikatoka kitandani: "Siyo yeye." Maneno mawili, na alikuwa sahihi.

Kwa hiyo kagua daftari lako utafute hizi: diazepamu na ndugu zake, haloperidoli, klorofeniramini, promethazini, amitriptilini. Baadhi zina sababu nzuri za kuwepo, kwa mfano amitriptilini ya dozi ndogo usiku kwa maumivu ya kichwa. Lakini kila moja iulizwe jina na kazi. Na usiongeze dawa ya mzio au ya usingizi kutoka dukani kama nilivyofanya mimi.

Hatua ya 7: Dawa za kusaidia kuamka, kutulia na kuinuka moyo

Hizi zipo, na zinaandikwa na daktari tu.

Amantadini ndiyo yenye ushahidi mzuri kwa mgonjwa ambaye fahamu zake zinarudi kwa shida. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 184, waliokuwa kati ya wiki 4 na 16 tangu kuumia. Waliopewa kwa wiki nne walirudi kwa kasi zaidi kuliko wenzao. Ilipoachwa, kasi ilipungua na wenzao wakawakaribia. Ichukulie kama kumsukuma mtu baiskeli kwenye mlima: inasaidia kupanda, mlima unabaki ule ule. Hutolewa asubuhi na mchana. Ukiitoa jioni mtakesha wote. Mwenye degedege au figo mbovu lazima daktari ajue kabla.

Kwa anayerusha vitu na kupiga watu, daktari anaweza kuchagua propranololi, ile ile ya presha. Sema kabla kama ana pumu, maana inaweza kumbana kifua. Kwa aliyezama kwenye huzuni, asiyekula wala kutaka kuonana na mtu, kuna setralini au fluoksetini. Zinachukua wiki kadhaa kuonyesha matunda, kwa hiyo usiziache siku ya kumi ukisema hazifanyi kazi. Akianza kuchanganyikiwa zaidi baada ya kuzianza, mrudishe, chumvi ya damu inaweza kuwa imeshuka.

Kanuni ninayowasihi wote: dawa mpya moja kwa wakati mmoja. Zikianzishwa tatu siku moja na mgonjwa akabadilika, hakuna atakayejua ipi ilifanya nini.

Hatua ya 8: Daftari liende kliniki

Kila jioni andika mistari mitatu: ameamka saa ngapi kwa jumla, amefanya mazoezi gani, na kipya kilichoonekana. Usiandike "anaendelea vizuri". Andika "ameshika kijiko mwenyewe mara nne". Daktari ana dakika kumi na wewe, na mstari huo unamwambia zaidi ya maelezo ya nusu saa. Nenda na dawa zote mfukoni, hata zilizokwisha acha kutumika.

Mambo yakienda kombo

*Tumesahau dozi.* Ukikumbuka mapema, mpe. Kama dozi inayofuata imekaribia, iache hiyo iliyopita, mpe inayofuata kwa wakati wake. Usimpe mbili kwa pamoja kamwe.

*Ametapika.* Kidonge kikionekana kizima kwenye matapishi, mpe kingine akitulia. Kama muda umepita na huoni kitu, subiri dozi inayofuata. Akitapika dawa ya kifafa mara mbili mfululizo, mpeleke hospitali.

*Amepata degedege.* Angalia saa. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, weka nguo chini ya kichwa. Usimtie kijiko mdomoni, usimnusishe kiatu wala kitunguu, usimnyweshe chochote. Zikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajazinduka, ni gari moja kwa moja hadi hospitali. Ambaye hii ni mara yake ya kwanza anapelekwa hata kama imekoma.

*Ametoka upele.* Kama anatumia fenitoini, kabamazepini au fenobabitoni, na upele umekuja pamoja na homa, vidonda mdomoni au macho mekundu, usisubiri kesho. Usimpe dozi inayofuata kabla ya kuonwa, na uende saa hiyo hiyo, kwa sababu ngozi inaweza kuanza kubanduka.

*Dawa imeisha na duka halina.* Anza kutafuta wiki moja kabla. Duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuuza kila dawa ya hospitali, kwa hiyo nenda famasi kubwa au hospitali ya mkoa. Ukipewa ya kiwanda kingine, linganisha jina halisi la dawa na miligramu. Ukiambiwa "hii ni sawa na ile" na jina ni tofauti, piga simu kliniki kwanza.

*Anakataa kumeza.* Jaribu baada ya dakika ishirini, mtu mwingine, chumba kimya bila redio. Usimbane pua. Usimfiche dawa ndani ya ugali bila kumuuliza mfamasia.

*Ramadhani imefika na anataka kufunga.* Mgonjwa ana ruhusa, na shehe wa msikitini kwenu atalithibitisha. Anayetumia dawa ya kifafa asihamishe saa za dawa kwenda futari na daku bila daktari kuzipanga upya. Njaa, kiu na usingizi wa kukatika vinatosha kuleta degedege hata dawa ikiwepo.

*Wazee wameleta mizizi.* Wasikilize, wapokee kwa heshima, kisha muulize daktari kabla haijachemshwa. Muhimu isifichwe. Pombe haina mjadala: akae nayo mbali kabisa, na mirungi vilevile, maana inamnyima usingizi anaouhitaji.

*Tumeuziwa dawa ya kuongeza kumbukumbu, tuendelee?* Pirasetamu, sitikolini, au chupa yenye picha ya ubongo unaong'aa. Ukiwa na shilingi elfu hamsini mkononi na uchague kati ya chupa hiyo na nauli za kumpeleka mazoezini mwezi mzima, mpe nauli.